KICHWA KIKIJAA MAKELELE: TUFANYE NAMNA GANI?



Katika namba hii tunataka kueleza jambo moja lenye kuonekana dogo, lakini linaharibu masomo ya wenzetu wengi, na mara ingine linaharibu hata jina lao. Ni ile hali ya mtu kuzidiwa na makelele, mwangaza, harufu na msongamano, mpaka akili yake inakataa kufanya kazi. Mmemwona mwenzetu anayeacha sahani yake katikati na kutoka refektwari mbio. Mmemwona yule anayeziba masikio wakati korale inaimba na vipaza sauti. Wamoja wanasema: "Ule iko na majivuno." Wengine wanasema ni mvivu. Wengine tena, na hii inazidi kwa ubaya, wananong'ona juu ya uchawi.

Tutaonyesha kwamba hili ni jambo la mwili, lenye sababu zake, na kuna namna ya kulisaidia.

1. MWILI UNAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Tumejifunza tangu darasa za chini kwamba mtu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Wenye elimu siku hizi wanahesabu zaidi ya mitano, kwa mfano fahamu ya kusimama sawa bila kuanguka, yenye makao yake ndani kabisa ya sikio. Njo maana mtu anaweza kusikia kichefuchefu ndani ya taksi-busi yenye kuzunguka kona za mlima, hata kama hakula kitu kibaya.

Sasa tufikiri saa ya chakula cha jioni. Sahani za bati zinagongana. Benchi zinavutwa juu ya simenti. Mvua inapiga mabati. Watu wote wanasema kwa mara moja. Moshi wa kuni na harufu ya sambaza vinatoka jikoni, taa inazimika na kuwaka, na jirani anakusukuma na kiwiko kila akichota bugali. Milango yote imefunguliwa pamoja, na katika kila mlango wageni wanaingia bila kubisha hodi.

Jicho lina kope, linaweza kufungwa. Sikio halina kifuniko. Sauti inaingia, inatikisa ngozi nyembamba ya ndani, kisha mifupa mitatu midogo sana inaipeleka mpaka kwenye sehemu yenye umbo la konokono. Mle ndani kuna chembe zenye vinywele vidogo, karibu 15,000 katika kila sikio. Ndizo zinageuza sauti kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Kwa mtu, chembe hizi zikisha kufa hazioti tena.

Habari zikifika, ubongo sherti uchague. Hauwezi kushughulikia zote sawasawa. Mwaka 1953 Mwingereza mmoja, Colin Cherry, alitoa matokeo ya majaribio yake juu ya jambo hili. Aliwavalisha watu vyombo vya kusikilizia, sikio hili likasikia habari moja, sikio lile habari ingine, na akawaomba wafuate habari ya upande mmoja tu kwa kuirudilia kwa sauti. Waliweza vizuri. Lakini alipowauliza juu ya habari ya upande wa pili, hawakukumbuka karibu kitu. Hata ilipogeuzwa kutoka Kiingereza kwenda Kijeremani, wengi hawakujua. Mwaka 1959 mwingine, Neville Moray, aliingiza jina la msikilizaji mwenyewe katika ule upande wa kutosikilizwa. Karibu mtu mmoja kwa watatu alilisikia. Kumbe ubongo una chujio, na chujio hilo linajua kidogo lile lenye maana kwetu.

Kuna msaada wa pili: kuzoea. Ukiingia jikoni harufu ya samaki inakupiga, nyuma ya dakika chache huisikii tena. Asubuhi umevaa shati, saa mbili hujui tena kama iko mwilini. Ubongo umesema: jambo hili halina hatari, niliache.

Basi, shida tunayoieleza inakuja wakati chujio linachoka ao linapitisha mengi kupita kipimo, na kuzoea hakuji. Sauti ya kijiko, sauti ya mvua na sauti ya mwalimu zote zinaingia na nguvu ile ile. Mwili unafikiri kuna hatari: moyo unapiga mbio, mikono inatoka jasho, tumbo linakaza. Hapo mtu mmoja anakasirika bila sababu yenye kuonekana, mwingine ananyamaza kama jiwe, mwingine anatafuta mlango.

2. NI NANI ANAPATWA ZAIDI?

Kila mtu anaweza kuzidiwa. Usipolala vizuri, ukiwa na njaa, ao ukiwa na homa, hata mtoto mdogo anayelia anaweza kukuchosha kuliko kazi ya shamba. Lakini wako wenzetu ambao mzigo unawafikia haraka zaidi.

a) Wenye kuumwa kichwa cha upande mmoja chenye kupiga kama nyundo. Ugonjwa huu, migreni, mara nyingi unafanya mwangaza na sauti viwe maumivu ya kweli. Mtu huyu anatafuta giza na kimya kwa sababu vinampunguzia maumivu.

b) Wenye kutibiwa malaria kwa kinini. Dawa hii inaweza kuleta uvumi ndani ya masikio kwa siku za matibabu. Juu ya uvumi huo, ongeza kelele za dortwari.

c) Wenye masikio mazito. Watu wanafikiri asiyesikia vizuri hawezi kusumbuliwa na makelele. Ni kinyume. Sherti akaze akili yake yote apate maneno machache katikati ya fujo, na jioni amechoka kuliko sisi wote. Tena kumpigia kelele sikioni kunaweza kumuumiza. Heri kumtazama usoni na kusema polepole.

d) Waliopita katika vita. Hapa kwetu mashariki hatuna haja ya kueleza sana. Kishindo cha mlango, mpira wa kuchezea unaopasuka, pikipiki inayotoa mlio kama wa bunduki: mwili unaruka mbele ya akili kujua ni nini. Mtu huyu si mwoga. Mwili wake umejifunza somo moja ngumu na haujalisahau.

e) Wenye hali inayoitwa otisimu. Mwaka 1943 muganga Leo Kanner, kule Marekani, aliandika juu ya watoto 11 wa namna hii, na alieleza kwamba baadhi yao waliogopa sana vitu vyenye kelele. Mwaka 2013 chama cha waganga wa akili wa Marekani kiliingiza jambo la fahamu kuzidi ao kupungua katika alama za kutambua hali hiyo. Temple Grandin, mwanamke wa Marekani aliyezaliwa 1947, ni mmoja wao. Ameeleza namna kengele ya shule ilivyomtesa masikio utotoni. Alipokuwa kijana aliona ng'ombe wanatulia wakibanwa kwa pande mbili ndani ya chombo cha kuchomea sindano. Akajitengenezea chombo chake cha mbao cha kumbana mwili polepole, akapata utulivu. Kisha akawa mwalimu wa chuo kikuu, na maarifa yake juu ya mifugo yanajulikana mbali. Mtu anayezidiwa na kengele si mtu asiyefaa.

3. JAMBO HILI LINAGUSA HAKI

Tunaliandika kwa nguvu sababu moja kubwa. Katika mitaa yetu mtoto mwenye kuziba masikio, mwenye kukataa kushikwa, ao mwenye kukimbia mkutano wa watu, anaweza kuitwa mchawi. Wako walioacha masomo sababu ya neno hilo. Wako waliofukuzwa nyumbani.

Sheria ya inchi yetu inakataza. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya kulinda mtoto, inaweka azabu kwa mtu anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Imo katika kifungu cha 160. Basi yule anayetupa neno hilo dortwarini kwa kucheka tu, ajue anacheza na moto ambao unaunguza mwenzake. Mtu anayeziba masikio ana haja ya kimya. Tusimtafutie habari ingine.

4. KELELE NI NYINGI KIASI GANI?

Nguvu ya sauti inapimwa kwa desibeli. Watu wawili wakizungumza kwa utulivu, ni karibu 60. Kwa kazi, kipimo kinachojulikana ni 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila ukiongeza desibeli 3, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili, na wakati wa kukaa fasi hiyo bila hatari unakatwa nusu. Hesabu ni hii:

desibeli 85: saa 8
desibeli 88: saa 4
desibeli 91: saa 2
desibeli 94: saa 1
desibeli 100: dakika 15

Vipaza sauti vya karamu, vikifunguliwa kabisa ndani ya chumba kilichofungwa, vinaweza kupita 100. Kwa hiyo yule anayesimama mbele ya kipaza sauti saa nzima kusudi aonyeshe ushujaa, anauza masikio yake bure.

Kwa darasa, Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka 1999 kwamba kelele za nyuma, wakati wa kufundisha, zisipite 35. Ni kimya kikubwa. Katika darasa la wanafunzi 50 chini ya mabati, na pikipiki zinapita barabarani, hatutakifikia. Tena mvua ya Novemba ikianguka, mwalimu mwenyewe anaweka choki chini. Lakini kila kelele tunayoipunguza ni msaada kwa anayesoma, hasa kwa yule mwenye chujio dhaifu.

5. MWENYE KUPATWA AFANYE NINI?

Mbele ya kwenda. Ukitumwa soko la Kadutu, ao soko lingine kubwa lenye kusongamana, uende asubuhi mapema, wakati wachuuzi wanapanga vitu na njia ingali wazi. Andika kwenye karatasi vitu vya kununua, kusudi kichwa kisibebe hesabu na makelele pamoja. Kula kitu. Lala usiku wa kuamkia siku ya mtihani. Yule anayekesha na kitabu anaingia katika senta ya mtihani wa Leta na chujio lililotoboka.

Ukifika. Chagua fasi. Kukaa mwisho wa benchi, na mgongo kwenye ukuta, kunapunguza watu wanaokugusa na kelele zinazotoka nyuma. Usikae karibu na kipaza sauti, wala karibu na mlango wa jiko. Juani, kofia yenye ukingo inasaidia macho. Jua njia ya kutokea. Mara nyingi kujua tu kwamba mlango uko karibu kunatosha, na mtu hana haja ya kuutumia.

Ukianza kuzidiwa. Usingoje mpaka mwisho. Vuta pumzi ukihesabu mpaka 4, itoe ukihesabu mpaka 6, mara kadhaa. Kutoa pumzi polepole kunatuliza moyo. Kanyaga chini kwa miguu yote mbili. Tazama kitu kimoja kisichotikisika. Wamoja wanashika jiwe ndogo mfukoni, ni sawa. Ukiweza, toka nje dakika tano ao kumi, kisha rudi. Patana mbele na rafiki mmoja juu ya alama, kwa mfano kugusa sikio, kusudi usiwe na lazima ya kueleza wakati maneno yanakataa kutoka.

Juu ya masikio. Pamba kavu inapunguza sauti kidogo tu. Kubonyeza kwa kidole kile kinyama kidogo mbele ya tundu la sikio kunazuia zaidi. Usitie kijiti, kalamu wala kibiriti ndani. Tena barabarani usizibe masikio hata kidogo: dereva wa pikipiki anategemea kwamba umesikia klaksoni.

Usijifiche siku zote. Hili ni la maana. Mtu akiziba masikio toka asubuhi mpaka usiku, ubongo unazoea kimya, na nyuma ya muda hata sauti ndogo inakuwa kubwa. Heri kuingia kidogo kidogo. Leo robo saa refektwari, juma lijalo nusu saa. Kimya kiwe cha kupumzikia, kisiwe gereza.

Nenda kwa muganga ukiwa na maumivu ya sikio, ukitoka usaha, uvumi usipokwisha, ao ukipoteza fahamu na kuanguka. Mambo hayo yana matibabu yake.

6. NA SISI WENGINE?

Methali inasema: penye wengi pana mengi. Wengi wetu tumelala dortwari moja, tunakula meza moja. Mengi hayo tunaweza kuyapunguza bila franga hata moja.

Wenzetu wamoja watasema: "Makelele njo uzima! Kimya ni cha makaburini. Mtu akikimbia wengine, anataka kuishi kizungu." Tunajibu kwa heshima. Wazee wetu walipenda ngoma na karamu, lakini walijua fasi za kutulia pia. Njia ya kwenda kuchota maji ilikuwa na kimya, shamba lilikuwa na kimya, na mbele ya mkubwa akisema, watu wote walinyamaza. Kuzungumza mmoja mmoja ni adabu ya kwetu. Kumpa mwenzako fasi apumue ni sehemu ya kuishi pamoja.

Basi tunapendekeza mambo haya:

Refektwari: tusigonge sahani na vijiko kwa kungojea chakula. Tuinue benchi, tusizivute. Meza moja karibu na mlango iachwe kwa wenye kupenda kula bila mazungumzo mengi, na mtu asiwacheke.

Dortwari: nyuma ya taa kuzimwa, anayetaka kuzungumza atoke nje. Radio iwe ya kusikilizwa na mwenyewe.

Darasani: mmoja aseme, wengine wasikilize. Walimu wetu wapenzi, tunawaomba: mwanafunzi akionyesha alama mliyopatana, mumruhusu dakika tano nje. Atarudi akiwa na akili ya kufuata somo, na faida ni yenu pia.

Katika korale na sherehe: vipaza sauti vitazame mbali na benchi za mbele, hasa palipo watoto. Mwimbaji mzuri anasikika bila kutoboa masikio.

Mtu akizidiwa mbele yetu: tusimzunguke kundi zima. Tusimmwagie maji. Tusimshike bila kumwuliza. Mmoja tu amkaribie, aseme maneno machache kwa sauti ya chini: "Twende inje kidogo?" Akikubali, wamsindikize mpaka penye kivuli, wakae kimya pamoja naye. Maswali ya "uko na nini, uko na nini" yangoje. Kesho akipenda ataeleza.

Ndugu wasomaji, mengine ya hapa yanataka ruhusa ya wakubwa, na kamati ya gazeti itayapeleka kwa Bwana Prefe. Lakini lile la sahani na vijiko halitaki ruhusa ya mtu. Tulianze jioni hii kwenye chakula, na kwa juma moja tuangalie nani kati yetu anakula sahani yake mpaka mwisho, yule aliyekuwa akiiacha. Mawazo yenu muyaandike kwenye karatasi na kuyatia ndani ya sanduku la gazeti, karibu na mlango wa biro. Tutayasoma yote.

Tunawasalimu,
Kamati ya gazeti